Lishe Bora na Tabia za Afya kwa Watoto wa Madarasa ya Awali

Mtoto wa miaka 5 hadi 8 hujifunza lishe kwa kuona, kugusa na kuonja. Kwa hiyo somo huanza na vyakula vyenyewe: mahindi, muhogo na ndizi za kupika hutia mwili nguvu, maharage, dagaa, mayai na maziwa huujenga, mboga za majani na matunda huulinda na maradhi. Watoto huvipanga mezani kwa makundi, kisha hutaja kilichokosekana katika mlo wa jana.

Mwalimu hueleza kazi ya kila chakula kwa maneno mepesi. Karoti, papai na viazi lishe vya rangi ya chungwa vina vitamini A, inayohitajika kwa uoni mzuri. Maharage na mchicha vina madini ya chuma, yanayosaidia kutengeneza damu. Chungwa likiliwa pamoja navyo, mwili huyapokea vizuri zaidi, ilhali chai hupunguza upokeaji huo.

Tabia njema hujengwa kwa kurudiwa. Watoto hunawa mikono kwa sabuni na maji tiririka kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, hupiga mswaki mara 2 kwa siku, na hucheza na kukimbia angalau dakika 60 kila siku, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri.

Bustani ya shule humwonyesha mtoto chakula kinakotoka. Nyumbani, wazazi huimarisha somo wanapokula mboga zilezile wanazomhimiza mtoto ale.