Kabla ya Dawa, Maji

Msikilizaji, samaki wa mapambo akiota doa jeupe mdomoni, laini kama pamba, wengi wetu tunakimbilia kusema ni kuvu. Mara nyingi si kuvu. Ni kolumnarisi, ugonjwa wa bakteria ulioelezwa kisayansi tangu 1922, na kwenye maji ya joto unaweza kumaliza tangi zima kwa siku mbili tatu.

Bakteria huyu mara nyingi yumo majini tayari. Anachosubiri ni samaki kudhoofika. Mchukue samaki wa Ziwa Tanganyika: amevuliwa, akafungwa kwenye mfuko wa plastiki, akasafirishwa gizani, kisha akamiminwa kwenye tangi lililosongamana. Ute unaomkinga umekwanguka, amonia imepanda. Na kwa kuwa maji aliyoyazoea yana pH inayokaribia 9, amonia ileile humchoma matamvua vibaya zaidi kuliko kwenye maji ya pH 7.

Ndipo mwenye tangi anapomwaga tetrasaiklini. Kalsiamu na magnesiamu za maji magumu huinasa dawa hiyo, nguvu zikapungua. Tena inaweza kuua bakteria wema wa kwenye chujio, wale wanaoimaliza amonia. Mgonjwa kaongezewa sumu!

Naomba sana: mtenge mgonjwa kwenye chombo chake, chenye hewa ya kutosha. Pima amonia. Badilisha robo ya maji, yaliyoondolewa klorini. Siku hiyohiyo mtafute daktari wa mifugo, akupangie antibayotiki na dozi yake. Na maji yenye dawa yasimwagwe mtoni.