Kipimo cha Damu na Ugonjwa wa Mishipa Midogo ya Ubongo: Kinachopimika na Kisichopimika



Mada niliyopewa inauliza kama damu inaweza kutusaidia kutambua ugonjwa wa mishipa midogo ya ubongo. Natoa jibu mapema ili mjue ninakoelekea. Damu inaweza kutuambia kwamba nyuzi za ubongo zinaharibika, na kwa kiasi gani. Haituambii ni ugonjwa gani unaoziharibu. Mganga asiyezingatia tofauti hiyo atampa mgonjwa namba sahihi na jibu la uongo.

Ugonjwa wenyewe mnaufahamu, ingawa jina lake hatuliandiki mara nyingi kwenye faili. Hushika vijishipa vinavyopenya hadi ndani kabisa ya ubongo, vyenye kipenyo kisichofika nusu milimita. Shinikizo la damu la miaka mingi hunenepesha na kukakamaza kuta zake, tundu likawa jembamba, na sehemu nyeupe ya ubongo ikapungukiwa damu polepole. Takriban robo ya viharusi vya kuziba kwa mshipa huanzia hapo, na ni miongoni mwa sababu kubwa za demensia. Lakini wagonjwa wengi hawaji wakiwa wamepooza upande mmoja. Mzee huletwa na binti yake: anatembea kwa hatua fupi, anachelewa kujibu, hana hamu ya shughuli, mkojo humtoka kabla hajafika chooni. Nyumbani walishasema ni uzee.

Kipimo cha kutegemewa hadi leo ni MRI. Mwaka 2013 wataalamu wa nchi mbalimbali waliafikiana, kupitia mwongozo uitwao STRIVE, namna ya kuzitaja alama zake: mng'ao katika sehemu nyeupe, vishimo vya milimita 3 hadi 15, vidoa vya damu iliyovuja, nafasi zilizopanuka kando ya mishipa, na ubongo kusinyaa. Mwongozo huo ulihuishwa mwaka 2023. Gharama ya MRI, foleni yake na safari ya kuifikia sina haja ya kuvieleza katika ukumbi huu.

Kiashiria cha damu kilichochunguzwa sana ni protini iitwayo nyurofilamenti nyepesi, kwa kifupi NfL. Ni sehemu ya kiunzi cha aksoni, ule uzi mrefu wa seli ya neva. Uzi ukiharibika, protini humwagikia kwenye maji ya uti wa mgongo, na kiasi kidogo huvuka hadi kwenye damu. Humo huwa pungufu takriban mara 40, ndiyo maana kuipima vizuri kulisubiri teknolojia kama Simoa, inayohesabu molekuli moja moja na kutoa majibu kwa pikogramu.

Anayetaka kuiona NfL ikifanya kazi bila vurugu za uzee aangalie CADASIL, ugonjwa wa kurithi wa mishipa hii hii, unaotokana na hitilafu katika jeni ya NOTCH3 iliyotambuliwa mwaka 1996. Wagonjwa wake huanza kuugua katika umri wa kati, kabla Alzheimer haijapata nafasi ya kujichanganya. Mwaka 2018 watafiti wa Munich walionyesha kwamba kwa wagonjwa hao, na hata kwa wasiorithi, NfL ya damu huenda sambamba na uharibifu unaoonekana kwenye MRI. Baadaye wagonjwa wa London na Nijmegen waliofuatiliwa kwa miaka walitupa jambo la pili: NfL ya mwanzoni ilionyesha nani yuko hatarini zaidi kupata demensia, lakini kupanda kwake baadaye hakukulingana na mabadiliko ya MRI. Kwa hiyo kipimo kimoja kinaweza kupanga wagonjwa kwa hatari. Kukirudia kila baada ya miezi kadhaa ili kujua ugonjwa unakwendaje ni jambo ambalo ushahidi huo hauliungi mkono.

Tarehe nayo ina uzito. Huko Graz, Austria, wagonjwa waliopata kiharusi kidogo cha ndani ya ubongo walikuwa na NfL ya juu mwanzoni na baada ya miezi 3. Kufikia mwezi wa 15 ilikuwa imerudi kawaida, na kovu lipo pale pale. NfL ya kawaida, basi, haimsafishi mgonjwa.

Jaribio lililonifundisha tahadhari kuliko yote ni SPRINT la Marekani. Watu zaidi ya 9,000 wenye shinikizo la juu, wasio na kisukari, waligawanywa makundi mawili: la kwanza namba ya juu ya shinikizo ishushwe chini ya 120, la pili chini ya 140. Baada ya takriban miaka 4, mng'ao wa sehemu nyeupe kwenye MRI ulikuwa umeongezeka kwa sentimita za ujazo 0.92 katika kundi la kwanza na 1.45 katika la pili. Ubongo ulikuwa umekingwa kiasi. Damu ya baadhi ya washiriki ilipopimwa, NfL ilikuwa imepanda zaidi kwa hao hao waliotibiwa kwa nguvu zaidi! Aliyeshika karatasi ya maabara peke yake angeweza kusimamisha dawa. Watafiti walipoingiza uchujaji wa figo kwenye hesabu, tofauti ilififia: shinikizo likishushwa sana figo huchuja kidogo, na figo zikichuja kidogo NfL hubaki nyingi kwenye damu.

Sasa fikirieni kliniki zetu. Shinikizo na kisukari vinavyoharibu mishipa ya ubongo ndivyo vinavyoharibu figo. Yaani wale tunaotaka kuwapima ndio ambao kipimo kinaweza kutudanganya kwao. Kisukari kikigusa neva za miguu, NfL hupanda pia. Unene kwa upande wake huishusha. Hivyo maombi ya NfL yasiyo na kreatinini, uzito, umri na tarehe ya kiharusi cha mwisho, mimi ningeyarudisha.

Viashiria vingine nitavipitia upesi. PlGF, mnayoijua kutokana na kifafa cha mimba, inachunguzwa na mpango wa MarkVCID wa Marekani kama dalili ya mishipa yenyewe kuumia, na kwangu ndiyo yenye matumaini kwa kuwa inatazama chanzo. GFAP hutoka kwenye astrosaiti. CRP hupanda hata kwa jino bovu. Kwa Alzheimer, Marekani iliruhusu Mei 2025 kipimo cha damu kinacholinganisha p-tau217 na amiloidi. Kikiwa hasi kwa mzee mwenye shinikizo na hatua fupi, shaka huelekea kwenye mishipa. Kikiwa chanya hakiiondoi, maana wazee wengi wana magonjwa yote mawili.

Kabla ya hayo yote kuna sukari, kreatinini, VVU, kaswende, vitamini B12 na homoni ya tezi ya shingo. Navyo ni vipimo vya damu, na baadhi yake hufichua magonjwa yanayotibika. Vikikamilika, NfL ya juu kwa mtu mwenye figo nzima iwe sababu ya kumsogeza mbele kwenye foleni ya MRI.

Tafiti nilizozitaja ni za Ulaya na Marekani, na viwango vya kawaida vya umri vilivyotokana na watu wa huko vinaweza kutupotosha. Kwa takwimu zetu wenyewe hatuanzi sifuri: utafiti wa Tanzania wa 2003 hadi 2006 ulikadiria, baada ya kurekebisha kwa umri, viharusi vipya takriban 109 kwa watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 316 Dar es Salaam. Napendekeza tusikimbilie kununua mashine. Tuanze na wagonjwa ambao tayari wanafanyiwa MRI: kwa ridhaa yao, mililita chache za plazma ziwekwe kwenye friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na kreatinini ipimwe siku hiyo hiyo.