Maneno ya Mwenyekiti: "Kidogo Tu"



Leo tunatimiza miaka 10, tunaomba tuseme juu ya maneno yetu. Sisi wa Kakese hatupendi kujikweza. Mwenye ekari 5 za mpunga husema "kashamba kangu". Aliyevuna magunia mengi husema "si haba". Nyumba ya bati ni "kibanda", akiba ni "vijisenti". Ni maneno mazuri, maana mwenye nacho hamringii asiye nacho.

Lakini yalituponza. Mwenzetu alisimama kikaoni akasema ana "kashida kadogo", nasi tukampa kadogo. Kumbe mtoto amelazwa Mpanda mjini, na mpunga ameshauuza ungali mbichi shambani. Tuliona haya sote.

Tokea siku ile tulikubaliana: barazani tuseme "kashamba", ila mbele ya sanduku tutaje shida kwa jina lake na shilingi kwa hesabu yake. Mficha uchi hazai.

Na kikundi je? Tukiulizwa hujibu, "Tupotupo tu." Leo, mgeni rasmi, daftari hili hapa, soma mwenyewe.