Mita Kwanza, Amana Baadaye

Hotuba kwa wapangaji kuhusu stima na intaneti, iliyotolewa katika baraza la wakazi



Mwisho wa mwezi ukifika, pikapu na mikokoteni hujaa barabarani ikibeba magodoro, meko na viti. Mpangaji anayehama huwa amekwisha kuuliza kodi ni pesa ngapi, maji hutoka siku gani na lango hufungwa saa ngapi. Mita ya stima hukumbukwa usiku, giza likiwa limeshaingia.

Katika nyumba nyingi za kupanga, akaunti ya stima iko kwa jina la mwenye nyumba. Mpangaji wa zamani akiondoka na deni, deni hilo halihami naye. Hubaki kwenye akaunti. Anayefuata akinunua tokeni, sehemu ya pesa zake hukatwa kulilipa. Chukua mfano wa mama aliyehamia Jumamosi jioni na watoto wawili. Anatuma shilingi 500, anapata yuniti za kumaliza siku chache tu. Akiuliza, anaambiwa amwone mwenye akaunti. Mwenye nyumba naye anasema aliyekuwa humo alishaenda zake. Mama huyo amekwisha kulipa kodi na amana, na vyombo vyake viko ndani. Atabishana kwa nguvu gani?

Mpangaji ana nguvu kabla ya kulipa. Hapo ndipo aombe nambari ya mita na kununua tokeni ya shilingi 100 kupitia nambari ya malipo ya Kenya Power, 888880, akiweka nambari ya mita mahali pa akaunti. Kisha aziingize zile tarakimu 20 yeye mwenyewe, pale pale nyumbani. Ujumbe wa simu humwonyesha yuniti alizopata na makato yaliyofanywa. Kodi na tozo huwa hazikosi, lakini pesa zikiyeyuka karibu zote, pana deni. Alipe mwenye nyumba, au wakubaliane kwa maandishi nani atalipa.

Mita ikikataa tokeni, huenda nyumba ilikaa tupu muda mrefu. Mita za tokeni zilihitaji kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Kwa mita ambayo haikusasishwa, mnunuzi hutumiwa safu tatu za tarakimu 20: mbili za kwanza ni za kusasisha, ya tatu ndiyo tokeni. Ziingizwe kwa mpangilio huo.

Pia aangalie kama kile kifaa chenye vitufe cha kuingizia tokeni kimo ndani. Wako wapangaji wanaokifungasha pamoja na sufuria, ilhali kimeunganishwa na mita waliyoiacha.

Bei nayo huwashangaza wengi. Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa katika viwango vitatu: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, wasiozidi 100, na wanaozidi 100. Hesabu hufuata wastani wa miezi mitatu. Kwa hivyo, aliyeingia nyumba ya mtu aliyetumia stima nyingi huweza kununua kwa bei ya juu hapo mwanzo, hata kama yeye ana balbu mbili na simu ya kuchaji. Huo si wizi, na hushuka matumizi yakishuka.

Kwenye ploti zenye mita ndogo za mwenye nyumba, mambo ni tofauti. Tokeni hizo hazitoki Kenya Power. Mpangaji aulize yuniti moja ni pesa ngapi na nani huitwa mita ikiharibika usiku.

Akikuta waya umepitishwa kando ya mita, asifurahie stima ya bure. Kuchezea mita ni kosa chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, na atakayekutwa ndani ya nyumba ndiye atakayeulizwa kwanza.

Intaneti haina mambo mengi. Asilipie kabla ya kuuliza ni kampuni gani zimefikisha nyaya kwenye jengo hilo. Majirani ndio wanaojua ipi hukatika. Anayehama na huduma aliyo nayo aiarifu kampuni mapema, maana huenda haifiki mtaa mpya. Ruta nyingi ni mali ya kampuni, kwa hivyo akiirudisha adai stakabadhi.

Serikali ya kaunti haiuzi tokeni. Malalamiko ya stima yaanzie Kenya Power kwa simu 97771 au *977#, na yasipotatuliwa yapelekwe EPRA. Ya intaneti yaanzie kwa kampuni husika, kisha Mamlaka ya Mawasiliano. Kila mara mlalamishi awe na nambari ya mita au ya akaunti, na asifute ujumbe wa malipo kwenye simu.