Sauti ya Rubani Kizimbani: Usalama wa Anga na Madai ya Sheria

Miongoni mwa wanasheria imeenea hoja kwamba ajali ya ndege iliyoua watu haitofautiani na kifo kingine chochote kinachotokana na uzembe, na kwamba kila kilichokusanywa na wachunguzi, zikiwamo sauti zilizonaswa katika chumba cha marubani, kinapaswa kukabidhiwa polisi na waendesha mashtaka. Watetezi wake hupenda kuitaja ajali ya Mlima Erebus, wakisema kwamba ukweli wa ajali hiyo ulifichuliwa na jaji baada ya wataalamu wa usalama kushindwa. Hoja hiyo ina nguvu, na wengi wanaoipinga huikwepa. Mhadhara huu unaikabili, kwa kuwa Erebus, ikisomwa kwa makini, inafundisha kinyume chake.

Misingi inajulikana. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kilichopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1951, kinasema kuwa lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama au dhima. Kinazilinda pia kumbukumbu za uchunguzi, isipokuwa pale mamlaka ya nchi inapoona kwamba faida ya kuzitoa inazidi madhara yatakayoupata uchunguzi huo na mwingine utakaofuata. Upimaji huo wa faida na madhara ndio unaoitwa hapa mizani.

Tarehe 28 Novemba 1979, ndege ya DC-10 ya Air New Zealand, iliyotoka Auckland na watalii waliokwenda kuitazama Antaktika kutoka angani, iligonga mteremko wa Mlima Erebus na kuua watu wote 257 waliokuwamo. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa ajali, Ron Chippindale, iliyotolewa mwaka 1980, iliona chanzo katika uamuzi wa rubani kuendelea kuruka chini ilhali hakuwa na hakika mahali alipo. Mwaka uliofuata, Jaji Peter Mahon, aliyeongoza Tume ya Kifalme ya Uchunguzi, alionyesha kwamba viwianishi vya njia, yaani namba zinazoielekeza kompyuta ya ndege ipite wapi, vilibadilishwa saa chache kabla ya safari bila marubani kuambiwa, hata njia waliyoelezwa kuwa ingepita juu ya mlangobahari wa McMurdo ikawa inaelekea mlimani, huku weupe wa theluji chini ya mawingu ukiwaonyesha uwanda mbele yao.

Ripoti ya Mahon inastahili kusomwa polepole, tena zaidi ya mara moja, kwa kuwa ndani yake mna kazi mbili zisizofanana. Katika ya kwanza, jaji anajiuliza marubani walijua nini na walikuwa na sababu gani ya kuamini walichoamini. Anazifuata karatasi za kampuni ofisi hadi ofisi, na kwa ajili ya swali hilo anasafiri mwenyewe mpaka Antaktika. Ni kazi ya subira adimu, na chache zinaweza kuwekwa kando yake katika maandishi yote ya uchunguzi wa ajali. Katika ya pili, anawageukia mashahidi wa kampuni na kuwatuhumu kwamba walipanga kumdanganya, na hapo ndipo alipojikwaa: Mahakama ya Rufaa mwaka 1981, kisha Baraza la Faragha huko London mwaka 1983, zilisema kuwa watuhumiwa hao hawakupewa nafasi ya kujibu, ambayo ni haki ya asili ya kila anayeshutumiwa. Maelezo yake ya chanzo cha ajali hayakutenguliwa. Alipouliza nini kilitokea, kazi yake ilidumu. Alipouliza nani mwenye hatia, ilivunjika.

Tena, Tume ile haikuwa mahakama ya jinai, wala haikuwa na mshtakiwa. Na udhaifu wa ripoti ya Chippindale haukutokana na kukosa polisi, bali na kuishia kwenye mkono wa mwisho ulioshika usukani, mkono ambao ndio hasa sheria ya jinai huutafuta. Katika semina moja iliyoongozwa na mwandishi wa mhadhara huu, wanafunzi wa sheria walipewa ripoti zote mbili na kutakiwa kuandaa hati ya mashtaka. Wote waliiegemea ya Chippindale, kwa sababu ya Mahon, yenye makosa yaliyotawanyika katika ofisi nyingi, haikuwapa mtu wa kumsimamisha kizimbani.

New Zealand hiyohiyo ilikuja kulijaribu jambo hili mahakamani. Tarehe 9 Juni 1995, ndege ya Dash 8 ya Ansett New Zealand ilianguka vilimani karibu na Palmerston North wakati marubani wakihangaika na gurudumu lililokataa kushuka. Watu wanne walifariki. Polisi walitaka rekodi ya sauti, na mwaka 1997 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wangeweza kuipata kwa hati ya upekuzi, kwa kuwa ulinzi wa Kiambatisho haukuwa umeingizwa katika sheria ya nchi. Rubani alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, akaachiwa huru mwaka 2001. Kabla ya hapo, mwaka 1999, Bunge lilikuwa limeshazuia rekodi hizo kutumika dhidi ya marubani katika kesi za jinai.

Wapo watakaosema kwamba katazo ni kali mno na mizani yatosha. Uchungu wa wafiwa ni wa kweli, na haki yao ya kupewa majibu haina ubishi. Lakini mizani iliyowekwa mbele ya jaji mmoja katika kesi moja huelemea upande mmoja, kwa kuwa waliokufa wana majina na jamaa waliokaa ukumbini, ilhali abiria wa kesho, ambao wangeokolewa na rubani asiyeogopa kusema alilokosea, hawana wakili.

Tanzania, ambako watu 19 kati ya 43 walifariki ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, nayo ilirithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, ambamo mkataba hauifungi mahakama mpaka Bunge liutungie sheria. Katazo linapaswa kuandikwa humo kwa maneno yasiyoacha mwanya wa kupima. Mwendesha mashtaka atabaki na mabaki ya ndege, kumbukumbu za matengenezo, majalada ya mafunzo, taarifa za hali ya hewa na mashahidi walioelezwa haki zao kabla ya kuhojiwa. Atakachonyimwa ni mazungumzo ya watu waliokuwa kazini.