Kifua na Moyo: Mazungumzo na Wamama wa Kliniki

Shikeni watoto vizuri, tusikilizane kidogo. Leo tunasema juu ya magonjwa mawili yanayotembea pamoja: asma, ambayo wengine wanaita pumu, na huzuni nzito isiyotoka.

Mama mmoja alikuwa anavuka mto kwa mtumbwi kutoka Alunguli kuja kutafuta dawa ya asma. Kila mara nilisikiliza kifua chake, akapewa dawa, akarudi. Lakini kifua hakikutulia. Siku moja nikamuuliza: "Mama, usiku unalala namna gani?" Akaanza kulia. "Minachoka, mama. Ile dawa nilishaiacha. Ni ya nini tena?" Miezi mingi nilisikiliza kifua, sikuuliza habari za moyo. Kosa lilikuwa langu.

Angalieni namna magonjwa haya yanavyoshikana. Katika asma, njia za pumzi zinavimba na kubana. Usiku mtu anakohoa, halali. Asubuhi hana nguvu ya kwenda shamba wala soko. Anaogopa kubanwa tena. Pengine majirani wanasema amelogwa. Polepole moyo unalemewa. Ndiyo maana wenye asma wanapatwa na huzuni nzito kuliko watu wengine. Tena, mwenye huzuni anaacha dawa yake, na kilio na hofu vinaweza kuamsha asma. Na kama mtoto ndiye mgonjwa, mama aliyelemewa atakumbukaje dawa ya mtoto?

Basi, kila mmoja ajiulize maswali mawili. Katika majuma mawili haya:
– Je, siku nyingi moyo wangu umekuwa mzito, bila tumaini?
– Je, mambo niliyoyapenda hayanifurahishi tena?

Ukijibu ndiyo, hata kwa swali moja, mwambie munganga au muuguzi. Huo si uvivu, wala si upungufu wa imani. Nabii Eliya alichoka hata akaomba afe. Mungu hakumgombeza, alimpa usingizi, mkate na maji.

Shikeni mambo haya:

1. Pompi ya salbutamol inafungua kifua kwa saa chache tu. Haiondoi uvimbe wa ndani. Tangu 2019 wataalamu wa asma duniani wanashauri watu wazima wasiitumie hiyo peke yake. Ulizeni dawa ya kuzuia, na msiiache mkijisikia vizuri.

2. Msinunue Valium sokoni ili mlale, wala propranolol ili kutuliza mapigo ya moyo. Zinaweza kuharibu pumzi ya mwenye asma. Dawa ya huzuni iko, lakini munganga ndiye anayeichagua.

3. Pikeni nje, au mahali penye hewa. Moshi wa kuni na wa makala unaamsha asma.

4. Pumzi ikibana hata huwezi kumaliza neno, njoo hospitali mara moja, hata usiku.

5. Ukiwaza kujiua, usibaki peke yako. Amsha mtu, mje pamoja saa ile ile.

Yule mama alirudia dawa yake, na kila juma alikaa na muuguzi mmoja wakaongea. Haikuwa kazi ya siku moja, lakini alianza kulala. Sasa akifika namuuliza mara mbili: "Kifua namna gani? Na moyo?" Nanyi muulizane hivyo nyumbani.

Nani ana swali?