Mabua Baada ya Mavuno: Mali ya Shamba Isiyostahili Kuteketezwa

Mada kwa wakazi wa kata za nyanda za juu za Kasulu na Kibondo



Mahindi yakishavunwa na maharage yakishapigwa uani, moshi huanza kupanda juu ya vilima. Anayewasha moto ana sababu zake: shamba husafishika kwa saa chache, panya hukimbia, na jembe halikwami. Hata hivyo, gharama ya moto huo hulipwa msimu unaofuata.

Shamba lililotoa magunia 10 ya mahindi, ya kilo 100 kila moja, huacha mabua yapatayo tani 1 au zaidi. Yanapochomwa, sehemu kubwa ya naitrojeni iliyomo hupotea na moshi. Majivu hupeperushwa na upepo wa kiangazi, au husombwa na mvua za kwanza pamoja na udongo wa juu. Udongo ukishafika bondeni, haurudi mlimani.

Kilimo hifadhi hudai mambo matatu kwa pamoja: kutifua ardhi kidogo, kuifunika, na kubadilisha mazao. Anayeacha kulima bila kufunika ardhi huambulia udongo mgumu na magugu mengi. Kiwango cha chini cha kufunika ni asilimia 30 ya shamba wakati wa kupanda. Kukipima ni rahisi: kamba yenye mafundo 50 hutandazwa kwa mshazari shambani. Mafundo 15 yakigusa mabua, kiwango kimefikiwa.

Mabua hukatwa na kulazwa kukingama mteremko ili yapunguze kasi ya maji. Kuyalaza juani mapema wakati wa kiangazi husaidia pia kuua funza wa mabua, ambao hujificha ndani ya mabua yaliyoachwa yamesimama. Mabaki ya maharage nayo yarudishwe shambani, isipokuwa yenye ugonjwa.

Ipo tahadhari moja. Mabua ya mahindi yana naitrojeni kidogo, na vijidudu vinavyoyaozesha huichukua ile iliyomo udongoni. Mahindi machanga huweza kuwa ya manjano. Dawa yake ni kuweka samadi au mbolea kwenye shimo la kupandia, na kupanda maharage au mbaazi kwa zamu.

Suala gumu zaidi ni la mifugo. Kwa mwenye mbuzi, bua ni chakula cha kiangazi. Kwa mwenye shamba, ni blanketi la ardhi. Wote wawili wana haki ya kusikilizwa. Ugomvi huzuka pale makubaliano yanapotafutwa baada ya mbuzi kuingia shambani. Yafaa kila kijiji kikubaliane kabla ya mavuno ni kiasi gani kibaki shambani, kiasi gani kiende zizini, na samadi irudi kwa nani. Makubaliano hayo yanaweza kuwa sheria ndogo, ikipendekezwa na Halmashauri ya Kijiji, kujadiliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji na kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya.

Kuhusu moto, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uchomaji wa uoto. Moto wa shamba moja ukivuka mpaka, huunguza mizinga ya nyuki, mihogo ya jirani na msitu wa wote.

Mkulima anayelaza mabua yake leo hatapata gunia la ziada kesho. Ila mvua zitakapoanza, udongo wake utabaki shambani mwake.